Shajara ya mradi: kibao cha Ngarenaro

Jumamosi, Machi 2

Leo tumeanza. Tuko wanne: mimi, mwalimu wa shule ya msingi ya hapa jirani, fundi wa mabango mwenye kibanda karibu na daraja, na binti mmoja aliyesomea isimu chuoni, ambaye nyumbani kwao wanazungumza Kiarusha, lahaja ya Kimaa, lugha ya Wamasai. Kazi tuliyojipa ni kusimamisha kibao darajani chenye jina la kijito na maana yake, kisha kurekodi wazee watano wakilitamka jina hilo na kulieleza, ili shule ibaki na sauti zao.

Chanzo ni swali la mwalimu. Wiki iliyopita aliwauliza watoto wa darasa la tano kwa nini kata yetu ya hapa Arusha mjini inaitwa Ngarenaro. Mikono ikainuka. Mmoja akasema ni jina la Mzungu aliyejenga barabara. Mwingine akasema ni la mzee aliyekuwa na duka zamani. Hakuna aliyetaja maji, wakati kijito hicho hicho wanakivuka asubuhi wakienda shule na mchana wakirudi. Aliponisimulia sikulala vizuri. Nimekulia hapa, na hata mimi jibu nililijua nusu tu.

Majirani zetu majina yao yanasomeka. Unga Limited ilipewa jina na kiwanda cha unga. Daraja Mbili haihitaji mkalimani. Elerai ni mti, mgunga ule wenye gome la manjano, na mwenye Kimaa akiusikia anauona. Sisi tumebaki na neno tunaloliandika kwenye bahasha na fomu za hospitali bila kujua linasema nini.

Kijito chenyewe kinatoka kwenye miteremko ya Mlima Meru na kuukata mji kuelekea kusini, kama ndugu zake Naura na Kijenge. Njia yao ni kwenye Mto Themi, Themi unaingia Kikuletwa, Kikuletwa unajaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani unayafikisha maji Bahari ya Hindi. Mvuvi wa Pangani mjini ana tone letu kwenye mdomo wa mto wake.

Tumechanga. Zimepatikana za bati, mabomba mawili ya nguzo na mfuko mmoja wa saruji. Rangi bado.

Jumamosi, Machi 9

Kikao kilikuwa sebuleni kwa mwalimu, na kilikuwa cha sarufi kuanzia chai ya kwanza hadi ya tatu. Naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo jambo lote lilipo.

Ngarenaro ni maneno mawili ya Kimaa yaliyoshikamana: engare na narok. Engare ni maji, na pia ndilo neno la mto. Narok ni "meusi". Kwa hiyo, maji meusi. Hadi hapo wengi mjini wanajua.

Lakini binti akatuonyesha kitu ambacho sikuwahi kukiwaza. Katika Kimaa kila nomino ni ya kiume au ya kike, na neno linaloieleza nomino hubadilika kuifuata. Engare ni ya kike, kwa hiyo sifa yake huanza na *na-*: na-rok. Mlima, oldoinyo, ni wa kiume, kwa hiyo sifa yake huanza na *o-*. Ndiyo maana ule mlima unaousimamia mji wa Namanga unaitwa Oldoinyo Orok. Rok ni ile ile. Mlima mweusi ni orok, maji meusi ni narok. Na Kilimanjaro, yenye theluji kichwani, Wamasai huiita Oldoinyo Oibor, mlima mweupe. Maji yakiwa meupe yatakuwa naibor.

Basi tukaanza kuyaita majina ya mkoa wetu na wa jirani moja moja, mwalimu akiandika nyuma ya kalenda. Engarenaibor, kule Longido: maji meupe. Ngarenanyuki, upande wa kaskazini wa Mlima Meru: maji mekundu. Ngarenairobi, wilayani Siha, miguuni mwa Kilimanjaro: maji ya baridi. Ngarenaro yetu: meusi. Ukoo mzima, na neno la ukoo ni ngare.

Halafu vuka mpaka. Wenzetu wa Kenya wana Narok, Nanyuki na Nairobi. Ni majina yale yale, ila engare imeanguka njiani. Kijito cha Enkare Narok kinapita katikati ya mji wa Narok hadi leo, na jina lake limebeba mji, kisha wilaya, na tangu 2013 kaunti nzima. Jiji la Nairobi, lililoanza kuwa mji reli ilipofika mwaka 1899, limebaki na "ya baridi" peke yake.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hili halihitaji maelezo mengi. Sisi tukisikia "meusi" tunajua kuna kitu kimetangulia, maji au mafuta au macho, kwa sababu "me-" inakidai. Mtu akija akakuambia anatoka mji wa Meusi, utamuuliza: meusi nini? Narok iko hivyo. Ile *na-* ya mwanzo bado inayadai maji yake. Kwa upande huu wa mpaka sisi tulibahatika, tuliyabakiza maji ndani ya jina. Tulichopoteza ni k ya mwisho, maana ulimi wa Kiswahili haupendi neno kufungwa kwa konsonanti.

Kabla ya kuachana, binti alitupa Ngaramtoni. Mimi nilijua ni ngare, na "mtoni" ni mtoni. Siyo. Mto ule ni Engare Olmotonyi, na olmotonyi ni ndege mkubwa wa jamii ya tai. Sikio la Waswahili lilisikia "olmotonyi" likakamata neno lililolifahamu. Chuo cha misitu cha jirani yake kimebaki na Olmotonyi nzima, na watu wanapita kati ya majina hayo mawili kila siku kwenye kifodi, daladala zetu za hapa, bila kuona kwamba ni moja.

Jumamosi, Machi 16

Tuliwachukua wanafunzi kumi na wawili kutembea kando ya kijito, kutoka darajani kwenda juu. Mwalimu alikuwa na filimbi, mimi nilibeba maji ya kunywa.

Maji hayakuwa mengi. Yalipita katikati ya mawe meusi ya volkano, yale yenye vitundu, na pembeni kulikuwa na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye mizizi, soli ya kiatu, na povu la sabuni likizunguka kwenye kidimbwi. Kwenye kona moja bomba lilitoka ukutani likimwaga maji ya kijivu moja kwa moja mtoni. Mama mwenye genge la mboga alitusalimia, akauliza tunatafuta nini. Nikamweleza habari za jina. Akayatazama maji, akasema, "Meusi? Hayo yanaonekana, mwanangu."

Mtoto mmoja wa kike aliyekuwa ameshika daftari lake kwa mikono miwili akaniuliza, "Kwa hiyo sisi tunaitwa maji machafu?"

Nilijibu kwamba sivyo, kwamba zamani yalikuwa safi. Lakini nilijibu haraka mno na niliona hakuridhika. Na alikuwa na haki ya kutoridhika. Kama zamani yalikuwa safi, kwa nini wazee wakayaita meusi?

Sijui kuandika kibao ambacho mtoto atakisoma na kuona aibu. Nimewaambia wenzangu tusimamishe maandishi hadi tupate jibu la huyu mtoto.

Jumamosi, Machi 23

Tulipanda hadi juu ya Ilboru kwa bibi yake binti. Njia ni ya vumbi kati ya migomba na kahawa, na hewa inabadilika kabla hujahesabu vituo vitatu.

Binti alipofika aliinamisha kichwa, bibi akaweka kiganja juu ya nywele zake. Mimi nikasema "shikamoo, koko," nikainama vilevile, na kile kiganja, kikavu na chepesi, kikanigusa utosini. "Marahaba, baba." Alitukaribisha kwenye viti vya chini jikoni, akatupa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kwenye vikombe vya bati. Hakutaka kuulizwa kabla hatujamaliza.

Nikamweleza swali la yule mtoto kama lilivyo. Koko alinyamaza, kisha akaanza kwa Kiarusha, binti akinitafsiria, na mwishoni akahamia Kiswahili mwenyewe.

Alisema: mtu wa ng'ombe hayatazami maji kama mtu wa mjini. Maji yenye udongo ni mekundu, yanatoka mbali na mvua imeyapiga. Maji yanayotoka chini ya miti, yenye kina, yanayopita juu ya jiwe, ukisimama juu yake unaona giza. Ukichota kwa kibuyu ni safi. Hayo ndiyo narok. Akasema alipokuwa msichana kingo za vijito hivi zilikuwa na miti mikubwa na ndani mlikuwa na kivuli saa sita mchana.

Kisha akauliza kama tunazijua habari za Engai wawili.

Koko ni Mkristo wa Kilutheri wa miaka mingi, na neno analolitumia kanisani kwa Mungu ni hilo hilo, Engai. Lakini hadithi hii aliipata kwa bibi yake, na aliisimulia bila kusita. Kulikuwa na Engai mweusi na Engai mwekundu: Engai Narok, Engai Nanyokie. Mweusi akasema, tuwape watu maji, wanakufa na njaa. Mwekundu akakataa, mwishowe akakubali, mvua ikanyesha. Baadaye mwekundu akasema imetosha, mweusi akasema bado. Ndiyo maana hadi leo, ngurumo ikipasuka karibu hadi sufuria zikatikisika, huyo ni mwekundu anataka kushuka kuwamaliza watu. Na ile ngurumo ya mbali, inayovuma taratibu nyuma ya mlima, ni mweusi akimwambia: waache, usiwaue.

"Narok ni wingu," koko akasema kwa Kiswahili. "Wingu likiwa jeupe utakula nini?"

Hadithi hii si ya jiko la Ilboru peke yake. Afisa Mwingereza A. C. Hollis aliichapisha mwaka 1905 kama alivyoisikia kwa Wamasai wa upande wa Kenya, na mifupa yake ni hii hii. Lakini hakuna chapa itakayonipa kile alichofanya koko aliposema neno "mbali": alielekeza kidevu kaskazini, kwenye mlima, na sauti ikashuka hadi ikawa karibu na pumzi.

Angalia pia sarufi ya Machi 9. Engai nayo ni ya kike. Ndiyo maana inapokea narok ile ile inayopokelewa na engare. Maji meusi na Mungu mweusi mwema wanaelezwa kwa neno moja lenye umbo moja. Nimepata jibu la mtoto, na nilitelemka ule mlima nikiwa na furaha ambayo sijaipata kwa muda.

Jumamosi, Machi 30

Safari ya Ngarenanyuki. Wengine waliona ni nje ya mradi. Mimi nilitaka kuuona wekundu kabla ya kuandika weusi.

Tulipita Usa River. Hapo jirani ndipo kuna Maji ya Chai, jina ambalo Waswahili walilitunga kwa mtindo ule ule wa Wamaa: walikitazama kijito, wakasema rangi yake. Tukapandisha kwenye Hifadhi ya Taifa ya Arusha na kushukia upande wa pili wa mlima, Olkung'wado. Mto ulikuwa na rangi ya udongo. Wazee tuliokaa nao chini ya mti walikuwa na meno yenye madoa ya kahawia, alama ambayo watu wa Meru na Arusha wanatambulika nayo popote nchini. Ni floridi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na maji ya pande hizi yanapita hapo mara nyingi. Majina ya rangi hayakuweza kuwaonya watu juu ya hilo, kwa sababu floridi haina rangi.

Ila kwa Wameru jina la Engare Nanyuki lina uzito mwingine. Novemba 1951 serikali ya mkoloni iliwafukuza watu wapatao 3,000 kutoka mashamba namba 31 na 328 ya Engare Nanyuki ili yapewe walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kudai ardhi ya watu wake. Baraza halikuwarudishia mashamba wakati ule, lakini kesi ile iliwaamsha wengi Tanganyika. Nilikuwa naitafakari njiani tukirudi: jina la kijito cha maji mekundu, alilolitunga mchungaji aliyesimama ukingoni na ng'ombe zake, lilisomwa kwenye ukumbi ule, mbele ya wajumbe ambao wasingeweza kulitamka.

Jumamosi, Aprili 6

Mvua. Hatukufanya kitu. Kijito kimejaa na ni chekundu kabisa.

Jumamosi, Aprili 13

Kikao cha mtaa. Tuliwasilisha maandishi ya kibao: "Ngarenaro, maana yake Maji Meusi." Upinzani ulikuja kutoka kwa mzee mmoja mwenye heshima zake, tena kwa uchungu. Alisema wageni wanapita hapa wakienda mbugani, watapiga picha kibao na bomba la maji machafu pamoja, na tutakuwa tumejitukana wenyewe kwa rangi ya mafuta. Akapendekeza tuandike jina tu, bila maana.

Nilisimama nikasimulia wingu la koko. Nilisimulia yote, pamoja na ile ngurumo ya mbali. Ukumbi ulitulia. Yule mzee akaniuliza mara mbili kama ni kweli Engai mwema ndiye mweusi, na kina mama wawili wa Kiarusha waliokaa nyuma wakaitikia kabla yangu. Akasema basi iandikwe hivyo, iandikwe wingu.

Kulikuwa na hoja ya k. Binti anataka Engare Narok iwepo, imeandikwa kamili. Fundi anasema herufi zikizidi zitakuwa ndogo na mtu wa pikipiki hatazisoma. Tumekubaliana mistari mitatu, wa katikati mwembamba.

Jumamosi, Aprili 20

Fundi alipaka rangi Alhamisi, akaanika kibao nje ya kibanda, mvua ikaja usiku. Asubuhi herufi zilikuwa zimechuruzika kama wino kwenye daftari lililolowa. Alikuwa na huzuni kuliko sisi. Amekwangua kwa msasa, amepiga upya rangi ya kuzuia kutu, na safari hii kibao kimelala ndani juu ya meza ya mbao anayofanyia kazi, kwa hiyo wateja wake wanapokelewa mlangoni.

Nilikaa naye saa nzima akichora. Anaanza na mistari ya chaki kwa rula ndefu, kisha anaandika herufi kwa penseli kutoka katikati kwenda pembeni ili jina lisielemee upande mmoja. Ngarenaro ina herufi tisa. E ndiyo inayokaa katikati kabisa. Brashi anaishika karibu na manyoya, kidole kidogo kikiegemea bati, na kila kiharusi anakivuta bila kupumua. Alipofika kwenye k ya Narok alisimama, akaniuliza, "Hii tunaiweka kweli? Hakuna anayeisema." Nikamwambia aiweke.

Jumamosi, Mei 4

Kibao kimesimama. Tulichimba mashimo mawili asubuhi, tukamwaga zege, tukaegemeza nguzo kwa mbao hadi saa tisa. Kinasomeka hivi:

NGARENARO
Engare Narok
Maji meusi kama wingu la mvua

Mama wa genge ameahidi kukilinda, na tayari amemfukuza kijana aliyetaka kubandika tangazo la kupangisha chumba. Watoto wa darasa la tano walikuja na sare zao ingawa ni Jumamosi. Yule mwenye daftari alisoma mstari wa tatu polepole, akautazama mto, akautazama mlima uliokuwa umefunikwa, akanakili mistari yote mitatu. Hakuniuliza kitu. Kisha wenzake wakataka kujua bomba lile la maji ya kijivu ni la nani, na mwalimu amewaahidi kwamba Jumatatu wataandika barua ya darasa.

Sauti za wazee: tumepata nne kati ya tano. Ya koko inabidi tuirudie. Binti na mimi tumeisikiliza mara nyingi jana usiku, tukisogeza spika sikioni, na tumesikia "engare naro" na kisha mvua ikipiga bati. Binti anaapa koko aliitamka k, kwamba aliona koo lake likifunga. Tunapanda tena Ilboru Jumamosi ijayo, kama mvua itatupa nafasi, na tutamwomba atusemee karibu na kinasa sauti.